Gari ikianguka ng'ambo ya Hombo, tushitaki wapi?

Ndugu wanamemba, katika namba hii mlingojea niendelee na habari ya miti ya mihogo inayovumilia mozaiki. Itakuja namba inayofuata. Leo tuzungumze juu ya yale yanayotukuta kisha mavuno, wakati mizigo imekwisha kupanda ndani ya gari. Katika mikutano yetu ya mwaka wa 2022, Bulambika na kwingine, ulizo moja limerudi mara nyingi kuliko lile la mbegu: ajali ikitupata nje ya jimbo letu, mashitaka tunapeleka wapi? Huku kwetu, ao kule ilikotokea?

Mimi ni mtu wa agronomi, si avoka, na bulletini hii haichukui nafasi ya avoka. Lakini ulizo hili linagusa mihogo, mawese na maharagi yetu sawasawa na ugonjwa wa majani. Koperative inaweza kulima vizuri msimu mzima, kisha ikapoteza kila kitu katika mteremko mmoja, na mara ya pili ikapoteza haki yake juu ilikwenda kugonga mlango usiofaa.

Tutazame kwanza mahali tulipo. Bunyakiri iko kwenye barabara ya taifa namba 3. Ukishika upande wa mashariki, unapita ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, unatokea Miti, kisha Bukavu, safari ya karibu kilometa 80. Ukishika upande mwingine, unafika Hombo, na pale mto njo mpaka. Hombo ya kusini ni teritware ya Kalehe, Sud-Kivu. Hombo ya kaskazini ni Walikale, Nord-Kivu. Mama anavuka daraja na bidoni yake kichwani bila kuwaza kama amebadili jimbo. Mbele ya sheria amebadili parke, amebadili tribinali, na kwa kanuni zilizoanza 6 Mei 2021 alikuwa anabadili hata aina ya majaji, kama tutakavyoona.

Wako pia wanaokwenda mbali zaidi. Wengine wanavuka Ruzizi kwenda kuuza Kamembe. Wengine wakitoka Bukavu kwenda Goma wanapendelea barabara ya upande wa Rwanda, juu ni nzuri. Hao wamebadili inchi.

Tuweke mfano. Sitaji mtu, lakini kila mmoja wetu ataona sura anazozijua.

Koperative imekodi fuso. Ndani kuna mifuko 60 ya kosete za mihogo na bidoni 20 za mafuta ya mawese. Juu ya mizigo wamekaa wanamemba sita wanaosindikiza mali yao hadi soko za Walikale, kule wachimbaji wa madini wananunua chakula kwa bei nzuri. Wamevuka Hombo. Kabla ya kufika Musenge, fren zinakatika kwenye mteremko. Fuso inalala ubavu. Mzee mmoja anakufa palepale. Mama mmoja anavunjika mguu. Mafuta yanamwagika, mifuko mingine inaibwa, mingine inalowa na mvua. Mwenye fuso anaishi Bukavu. Shofere jamaa yake iko Goma. Asiransi ilinunuliwa Bukavu. Na sisi tunaolia tuko Bunyakiri.

Katika mfano huo muna mahali pane, na kila mmoja atawashauri kwenda pake. Hebu tuone sheria inaruhusu pa wapi.

Njia ya kwanza: kesi ya kosa

Kodi penali ya Kongo, vifungu 52 hadi 54, inaazibu mwenye kuua ao kuumiza mtu bila kukusudia, kwa uzembe ao kwa kukosa uangalifu. Kwa kuumiza, kifungo ni siku 8 hadi mwaka mmoja. Kwa kuua, ni miezi 3 hadi miaka 2. Kwa kuwa kifungo hakipiti miaka 5, kesi ya namna hiyo inaanzia kwenye tribinali ya amani, ile iliyo karibu zaidi na raia. Na tena, aliyeumia ao mjane wa marehemu anaweza kuingia ndani ya kesi ileile na kudai malipo yake, bila kufungua kesi nyingine pembeni. Parke ikichelewa, anaweza hata kumwita mshitakiwa moja kwa moja mbele ya tribinali.

Sasa, tribinali ya amani ya wapi? Sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inatoa milango mitatu kwa kesi ya kosa: mahali kosa lilifanyika, mahali mshitakiwa anaishi, ao mahali alipokutwa. Mkaaji wa Bunyakiri aone vizuri: mahali aliyeumizwa anaishi hapamo. Hapo njo watu wengi wanashangaa. Wanasema, "Marehemu ni wetu, kaburi liko hapa, kwa nini kesi isiwe hapa?" Sheria haiangalii kaburi.

Basi kwa fuso yetu, mlango wa kwanza ni Walikale, wa pili ni Goma kwa shofere. Na wa tatu? Mashofere wengi kisha ajali wanakimbia, mara nyingine kwa kuogopa kupigwa. Kama huyu amevuka daraja usiku na akakamatwa Hombo ya kusini ao Bulambika, mlango wa tatu umefunguka upande wetu, na kesi inaweza kusikilizwa Kalehe. Kwa hiyo kama vijana wanamwona shofere kwenye senta, wasimguse hata kwa kofi. Wamwite polisi, na wahakikishe polisi ameandika saa na mahali alipokutwa. Maandishi hayo mafupi yanaweza kuwapunguzia safari nyingi.

Hapa tuguse habari ya hali ya dharura ya kijeshi. Ilianza katika Nord-Kivu na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Katika majimbo hayo mawili, kesi za makosa, hata za raia, zilitolewa kwa majaji wa kawaida na kupewa majaji wa jeshi. Kesi za madai tu, yaani za malipo bila kifungo, zilibaki kwa majaji wa kiraia. Sud-Kivu haikuwamo. Maana yake, mwaka 2022 ajali ileile, ikitokea mita mia moja kabla ya daraja, ilikwenda kwa parke ya kiraia, na ikitokea mita mia moja kisha daraja, ilikwenda kwa oditora ya jeshi. Sisemi jaji wa jeshi hajui kazi yake. Nasema ofisi yake ilijaa faili za vita, na faili ya fuso ya mihogo ilikuwa rahisi kulala chini ya zile nyingine. Kama sheria imewaachia mlango mwingine, angalieni ule kwanza.

Lakini jambo moja halibadiliki, mkichagua mlango wowote. Ushuhuda uko kule gari iliangukia. Mtu wa komite anapaswa kupanda Walikale siku ileile ao kesho yake, na kuona polisi wa barabarani ao OPJ wa pale anaandika PV: plake ya gari, karte roze, permi ya shofere, karatasi ya asiransi na tarehe inapoisha, mchoro wa mahali, majina ya walioona. Pigeni picha na simu kabla gari haijaondolewa. Kwa wenye kuumia, ombeni OPJ aandike rekizisyo kwa daktari, na cheti cha daktari kiseme mguu ulivunjika wapi na siku ngapi mtu hataweza kulima. "Amepata ajali, anatibiwa" haimsaidii jaji kuhesabu kitu.

Njia ya pili: kwenda kule pesa ziko

Shofere anaweza kufungwa, na jamaa ya marehemu ikarudi nyumbani na mikono mitupu, juu shofere mwenyewe hana kitu. Kwa hiyo mimi naona ulizo la kwanza la komite lisiwe "nani ana kosa?" bali "nani anaweza kulipa, na anapatikana wapi?"

Kodi sivili, kitabu cha tatu, kifungu 258, inasema mwenye kuletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuitengeneza. Kifungu 260 kinaongeza kwamba bwana wa kazi anajibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Maandiko hayo ni ya 30 Julai 1888, wakati hakukuwa na gari hata moja katika inchi hii, na mpaka leo njo tunayatumia kwa fuso na pikipiki. Kwa hiyo mwenye fuso anaitwa pamoja na shofere. Asiransi nayo inaitwa. SONAS ilikuwa peke yake kwa miaka mingi, lakini sheria ya 17 Machi 2015 imefungua mlango kwa makampuni mengine. Someni vizuri jina lililoandikwa kwenye karatasi, msije mkaita asiransi isiyo yenyewe.

Kwa kesi ya madai kanuni ni nyepesi: unamfuata unayemdai, mbele ya tribinali ya mahali anapoishi. Kama unadai watu wengi pamoja, unachagua mahali pa mmoja wao, na wengine wanafuata. Uchaguzi huo ni wa mwenye kudai, hakuna anayeweza kumnyang'anya. Katika mfano wetu, shofere ni wa Goma, mwenye fuso ni wa Bukavu, asiransi ina ofisi Bukavu. Mkiwaita wote, mnaweza kushika Bukavu.

Na mimi ningeshika Bukavu. Si kwa sababu majaji wa Bukavu ni wema kuliko wengine. Ni kwa sababu hukumu ikitoka, muusie wa tribinali atakwenda kukamata mali, na mali ya mwenye fuso iko Bukavu: nyumba, dipo, gari yake ya pili. Tena barabara ya Bukavu tunaijua, na mzee wa jamaa anaweza kufika siku ya kusikilizwa na kurudi. Avoka wako kule, na baro ya Sud-Kivu ina ofisi ya kushauri maskini bila malipo. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini kwa watawala, ili asilipe gharama za tribinali. Watu wengi hawajui kama cheti hicho kipo.

Ila kuna mtego. Msifungue kesi ya malipo Bukavu, kisha mkaingia tena na madai yaleyale katika kesi ya kosa Walikale. Avoka wa upande wa pili anangoja tu kosa hilo aombe zote mbili zisimame. Chagueni mlango mmoja kwa malipo. Kama kesi ya kosa imekwisha kuanza mahali panapofikika, na mwenye gari ameitwa humo ajibu kwa malipo, ingieni humo, ni rahisi na haina gharama nyingi. Kama imeanza mahali ambapo hamtafika, tumieni PV yake kama ushuhuda na pelekeni madai yenu kwa mwenye gari. Mjue tu kwamba jaji wa madai mara nyingi atasimama kidogo kungojea ile ya kosa iishe.

Ulizo hili si la kwetu peke yetu. Kule Marekani, inchi yenye majimbo 50, kila moja na sheria zake, walibishana juu yake tangu magari yalipokuwa mapya. Mwaka 1927 mahakama yao kuu ilikata kesi ya mtu wa Massachusetts aliyegongwa na shofere wa Pennsylvania. Shofere alisema asihukumiwe kule, juu si kwake. Majaji walimjibu kwa maana hii: mwenye kuingiza gari katika barabara za jimbo amekubali kujibu mbele ya majaji wa jimbo hilo. Wanasheria wanaijua kwa jina la Hess na Pawloski.

Gari ikitoka inchi nyingine

Wengi tunakumbuka Sange, katika teritware ya Uvira. Tarehe 2 Julai 2010 gari ya kubeba mafuta iliyotoka upande wa Tanzania ilianguka pale. Watu walikuja kuchota, wengine walikuwa wanaangalia mpira wa Kombe la Dunia karibu na barabara, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 200, na wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja. Naikumbusha kwa sababu ya wazo lililo vichwani mwetu: kwamba gari ikiwa na plake ya kigeni, basi lazima ushitaki kwa wageni. Hapana. Mgeni anaweza kuitwa mbele ya tribinali ya Kongo kama deni lake limezaliwa hapa Kongo, na ajali ya hapa inazaa deni hapa.

Na kuna karatasi moja ya kuuliza: karte ya manjano ya COMESA. Mpango wake uliandikwa mwaka 1986 na ukaanza kufanya kazi mwaka 1987. Kongo imo, Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zimo, hata Tanzania imo ingawa si memba wa COMESA. Gari yenye karte hiyo imebeba asiransi inayofuata sheria ya inchi inamopita. Kwa upande wetu, ofisi inayosimamia karte hiyo ni SONAS. Kwa hiyo kamio ya kigeni ikikugonga Bukavu ao Kavumu, huhitaji kwenda Kampala kutafuta kampuni yake. Unaandika namba ya karte ya manjano, tarehe yake na plake, na unapeleka faili yako hapahapa. Kama hukuandika namba ile siku ya ajali, kesho kamio imevuka mpaka.

Kinyume chake: umepanda gari ya Bukavu, imeanguka upande wa Rwanda, tuseme Nyamasheke. Mwenye gari ni mtu wa Bukavu. Hapa una milango miwili ya kweli, na sina jibu moja kwa watu wote.

Ukishitaki Rwanda, polisi walioandika ni wa pale, hospitali iliyokupokea ni ya pale, na inchi hiyo ina sheria ya mwaka 2002 inayosema namna ya kuhesabu malipo ya mwili ulioumizwa na gari, hata ina mfuko wa kusaidia walioumizwa na magari yasiyojulikana ao yasiyo na asiransi. Kama gari ilikuwa na karte ya manjano, asiransi inashughulikiwa kulekule. Kwa mtu aliyeumia vibaya, mimi ningeanzia hapo.

Ukishitaki Bukavu, unamkuta mwenye gari nyumbani kwake, unasema luga yako, lakini karatasi zote zitatoka ng'ambo, na jaji wa hapa, kwa kuhesabu, anapaswa bado kutazama sheria ya mahali ajali ilitokea. Na kama gari haikuwa na karte ya manjano, Bukavu ndiyo inabaki, juu hakuna mwingine wa kulipa isipokuwa mwenye gari.

Hukumu ya Rwanda juu ya mtu wa Bukavu si bure, ila haitembei peke yake. Inapaswa kupitia tribinali kubwa ya hapa, ile ya grande instance, ipewe nguvu ya kutumika. Jaji haanzi kesi upya. Anatazama kama hukumu imekwisha kabisa kule, kama mshitakiwa aliitwa na kupewa nafasi ya kujitetea, kama haivunji utaratibu wa inchi yetu. Wekeni miezi zaidi, na kopi ya hukumu yenye mihuri.

Mizigo ina kesi yake

Mpaka sasa nimesema juu ya watu. Ile mifuko 60 na bidoni 20 zina njia nyingine, juu kati ya koperative na mwenye fuso kuna makubaliano ya usafiri. Kongo imeingia OHADA tangu 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya usafiri wa mizigo barabarani inatugusa hata kama mzigo haukutoka nje ya inchi. Mwenye kubeba anajibu kwa mzigo tangu anapoupokea hadi anapoutoa. Kwa kawaida hasara inahesabiwa kwa bei ya soko ya mahali mzigo ulipopakiwa, pamoja na nauli mliyolipa. Maana yake bei ya Bunyakiri, si bei ya Walikale. Mkulima aliyeacha soko la hapa akifuata bei ya wachimbaji anaumia hapo. Dawa yake ni kutangaza thamani ya mzigo kwenye karatasi kabla ya kuondoka.

Hapa pia swali la nani anashitaki linatokea. Koperative iliyoandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA ya 15 Desemba 2010 ni mtu mbele ya sheria: prezidenti anasimama, anadai mifuko yote 60 kwa mara moja. Kikundi kisichoandikishwa, hata kiwe na kofia na muhuri, hakina mdomo mbele ya tribinali. Kila mwanamemba atakuja kudai mifuko yake mitatu ao minne peke yake, na wengi watachoka. Sheria haiombi watu wengi: watano wanatosha kwa koperative ya namna nyepesi.

Na leteni hesabu. Orodha ya kupakia iwe na jina la mwenye mzigo, kilo, siku, na sahihi ya shofere. Nimeona madaftari ya dipo yaliyoandikwa "mihogo mingi". Jaji hawezi kulipa wingi.

Siku zinahesabiwa

Kwa kuumiza bila kukusudia, kesi ya kosa inakufa kisha mwaka mmoja. Yule mama wa mguu ana mwaka mmoja tu, na miezi mitatu ya kwanza atakuwa kitandani. Kwa aliyekufa, ni miaka mitatu. Kesi ya madai peke yake ina muda mrefu zaidi, lakini mashahidi hawana muda huo, wanahama, wanasahau. Kwa mizigo, sheria ya OHADA inatoa mwaka mmoja, na kabla ya hapo lazima mmemwandikia mwenye kubeba barua ya malalamiko: katika siku 60 kama mzigo ulifika umeharibika, katika miezi 6 tangu kupakia kama haukufika kabisa. Barua, si simu. Bakisheni kopi yenye sahihi yake ya kupokea.

Katika siku hizo za kwanza njo mwenye gari anakuja matangani. Analeta jeneza, mifuko ya unga, dola kidogo, na karatasi. Kupokea msaada wa maziko si kosa, ni utu, na si kila mwenye gari ni mtu mbaya. Tazameni karatasi. Ikisema "tumepokea kiasi hiki kwa maziko," mzee wa jamaa anaweza kuweka sahihi. Ikisema "tumelipwa yote na hatutashitaki popote," mngoje kwanza mjane atulie, na mtu anayejua kusoma aisome mbele ya wote. Mjane mwenyewe awepo. Mara nyingi wajomba na mashemeji wanaweka sahihi, na yeye njo anabaki na watoto.

Neno juu ya kukaa juu ya mizigo. Asiransi ya gari ya mizigo inapenda kukataa kulipa abiria, ikisema gari haikuandikwa kwa watu. Kama wasindikizaji ni lazima, wawe wawili ndani ya kabini, na majina yao yaandikwe kwenye orodha.

Kuchagua kabla ya ajali

Jambo ambalo koperative chache zinafanya, na halina gharama: kuchagua tribinali siku ya kukodi gari. Katika karatasi ya makubaliano, pande zote mbili zinaweza kuandika mahali pa kuitana kama kutakuwa na matatizo juu ya mzigo, na mahali hapo panakubaliwa na sheria. Mstari mmoja unatosha: kwa kila ugomvi juu ya usafiri huu, pande zote zinachagua Kalehe, ao Bukavu. Mstari huo hautagusa kesi ya kosa, ile inafuata milango yake mitatu, na hautamfunga mjane ambaye hakuweka sahihi. Lakini kwa mifuko na bidoni unamaliza mabishano ya kwanza, yale yanayokula miezi.

Mwenye fuso atakubali? Wengine watakataa. Kabla ya mavuno, gari nyingi zinatafuta mizigo, na koperative yenye tani kumi ina sauti kuliko mtu mmoja mwenye mifuko miwili. Basi zungumzeni naye wakati huo, kabla fuso haijafika mbele ya dipo na kuanza kupiga honi. Siku hiyohiyo ombeni kuona asiransi na karte roze, na kwa safari ya ng'ambo ya Ruzizi, karte ya manjano. Mkisikia "nimeisahau nyumbani", tafuteni gari nyingine.

Karatasi ya mfano ya makubaliano ya usafiri, pamoja na orodha ya kupakia, tumeitengeneza kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kila animateri anayo. Komite inayoitaka iulize kwenye mkutano wa mwezi, na ije na mtu wa dipo, juu yeye njo atakayeijaza.